Risala ya kikundi cha wajenzi wa nyumba za udongo kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuzindua nyumba ya mfano, Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Afisa Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, mafundi, akina mama na wananchi wote mliohudhuria,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha siku ya leo. Mheshimiwa, karibu sana kijijini kwetu. Tunafahamu majukumu yako ni mengi, na kuja kwako mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi kumetupa moyo.

Kikundi chetu kilianza kama kikoba cha akina mama. Tulipochoka kuona kila anayejenga anafyeka pori ili achome tofali, tuliwaomba mafundi wazee waungane nasi, tukaandika katiba, tukasajiliwa. Mengine ya historia yamo kwenye taarifa uliyokabidhiwa.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeleta mapinduzi ya ujenzi katika kata hii. Tumejenga nyumba hii ya vyumba viwili na sebule, tumejenga banda la kuku la mfano, na vijana waliokuwa wakishinda vijiweni leo wanaitwa mafundi. Wageni wametoka Sikonge na Urambo kuja kujionea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe tunakuomba uweke kiganja ukutani upande wa nje linakopiga jua, kisha uingie uweke kiganja upande wa ndani. Ukuta huu ni udongo wa kichuguu cha hapa hapa, uliochanganywa na mchanga na saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 8, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hakuna tofali hata moja lililopita kwenye moto. Ukuta mnene wa udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa. Ndiyo maana mwezi wa kumi, bati za majirani zinapowaka, humu ndani mtoto analala mchana. Na usiku wa baridi ya Juni na Julai ukuta unarudisha joto la mchana. Nyumba tumeilaza mashariki na magharibi ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Madirisha yanatazamana kaskazini na kusini, upepo unapita. Msingi wa mawe tumeunyanyua na paa tumeliachia upenu mrefu, kwa sababu adui mkubwa wa udongo ni maji ya masika. Jikoni kuna jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Maji ya mvua tunayakinga: kila mita ya mraba ya bati hupokea lita moja kwa kila milimita ya mvua, hivyo paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 1,000. Kwa sasa tunakinga kwa mapipa. Tangi hatuna, lakini leo hatukuja na ombi la tangi.

Wala ujuzi huu haukutoka mbali. Babu zetu Wanyamwezi walijenga matembe, nyumba za udongo zenye paa la udongo, kabla bati halijajulikana huku. Tembe la Kwihara, alikokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1872, watu wanasafiri kuja kulitazama, halafu wakirudi makwao wanatuambia nyumba ya udongo ni ya maskini. Sisi tunasema hapana. Udongo ukipimwa, ukachanganywa na kushindiliwa inavyotakiwa, unajenga nyumba ya mtu yeyote.

Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Tunaunga mkono kwa dhati. Tunaomba tu ikumbukwe kwamba nyumba ya tofali za kuchoma imekwisha kula magogo kabla sufuria ya kwanza haijainjikwa jikoni. Mkoani kwetu mabani ya kukaushia tumbaku yanakula miti, na matanuru ya tofali yanakula miti ile ile. Miti ya mtundu na muva ikiisha, nyuki watafuata maua wapi? Na asali ya Tabora tutaitoa wapi?

Sasa, Mheshimiwa, ruhusa yako tulifikie jambo lililotukusanya.

Mashine iliyofyatua tofali za nyumba hii si yetu. Tunaikodi kwa siku kutoka kwa mkandarasi wa mjini, na tunaipata pale tu ambapo yeye hana kazi. Kiangazi, ambapo sisi tunaihitaji, ndipo na yeye anapoihitaji. Tofali la namna hii linapaswa kufunikwa na kunyeshewa maji kwa wiki nzima, na likomae kama wiki nne kabla ya kupanda ukutani. Mashine ikitufikia Septemba mwishoni, mvua zinatukuta na tofali chini.

Mwaka jana mwalimu mstaafu wa kijiji hiki alitukabidhi kazi ya nyumba yake. Msingi alikwisha kuuchimba. Alitusubiri kwa uvumilivu mkubwa, mashine haikupatikana, na mwishowe akaingia kwenye tofali za kuchoma kama wengine. Tanuru lake lilijengwa kule nyuma ya kanisa. Mitundu iliyoingia humo ilikuwa na mizinga yetu ya nyuki. Mzee yule hatumlaumu, mvua zilikuwa zimekaribia na familia yake ilikuwa nje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ahadi ya mashine si mpya hapa. Mgeni rasmi mmoja alisimama chini ya mwembe huu huu akatuahidi mashine moja, tukapiga vigelegele. Aliyekuja baada yake alisema moja haitoshi, zitakuja mbili. Tukapiga vigelegele zaidi. Tulipofuatilia tuliambiwa faili linashughulikiwa, baadaye tukaambiwa faili liko kwa mwenzake, baadaye aliyeahidi akawa amehamishwa. Akina mama waliotoa kuku na mchele wa siku zile wanatuuliza sisi viongozi, na sisi tumekosa jibu la kuwapa.

Tulijaribu pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Tulijaza fomu, mikopo ikasitishwa nchi nzima Aprili 2023. Iliporejeshwa mwaka 2024 tulijaza tena. Tukaambiwa asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na sisi ni mchanganyiko wa akina mama na mafundi wenye mvi, basi tugawane. Tutagawanaje? Anayejua udongo kwetu ni mzee. Anaufinyanga donge kiganjani, ananyoosha mkono usawa wa bega, anauachia uanguke. Ukitawanyika kama unga, maji hayatoshi. Ukibaki donge, maji yamezidi. Ukipasuka vipande vichache vikubwa, anatikisa kichwa kukubali na kazi inaanza. Mtu huyo tukimtoa kikundini ili tupate mkopo, mkopo wenyewe tutaufanyia nini?

Kwa hiyo ombi letu ni moja: mashine moja ya mkono ya kufyatulia tofali za kufungamana. Haitumii umeme wala mafuta. Ni chuma na mpini. Mashine za mkono za jamii hii zilianza kutengenezwa Kolombia miaka ya 1950 na hadi leo zinafanya kazi duniani. Hatuombi fedha taslimu. Profoma, yaani hati ya bei, tumeiambatisha, pamoja na nakala za barua zetu zote za nyuma na tarehe zilizopokelewa. Inunuliwe na ofisi yoyote utakayoona inafaa, sisi tukabidhiwe mashine mbele ya wananchi, kabla ya mwezi wa nane ili kiangazi hiki kisitupite.

Upande wetu tumejiandaa. Banda la kukomazia tofali lile pale, limeezekwa na liko tupu. Mchanga umesombwa. Na mkutano mkuu wa kikundi umepitisha kwamba nyumba ya kwanza itakayojengwa kwa mashine hiyo ni ya mwalimu wa shule yetu ya msingi, ufundi tutautoa bure.

Mheshimiwa, mezani kwako kuna kitabu cha wageni. Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba, lolote utakalotujibu leo, uliandike humo kwa mkono wako kwenye safu ya maoni: mashine, mwezi, na ofisi ambayo katibu aende kufuatilia. Kama haiwezekani, tunaomba liandikwe hilo pia, ili tuanze kuchangishana wenyewe mapema.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi