Maktaba Yetu ya Mtandaoni Inadaiwa: Wito wa Harambee

Bwana asifiwe, wapendwa. Salamu kwa washirika wa kanisa letu hapa Umoja, kwa wazazi na walimu wa mitaa ya jirani, na kwa ninyi nyote mliosoma kupitia tovuti yetu, muwe chuoni, kazini au ng'ambo.

Tunaandika kwa haya, maana mwaka jana mlitusikia, na mwaka juzi pia mlitusikia. Lakini deni halina haya. Msimu uliopita wa KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mitihani ya vitendo ikiwa imeshaanza, tovuti ilizimwa jioni kwa sababu ankara ya seva haikuwa imelipwa yote. Watoto walikuwa wameketi kwenye ngazi za kanisa, pale Wi-Fi inaposhika vizuri, simu moja watu watatu, na kwenye kioo kukatokea mstari mmoja tu: akaunti imesimamishwa. Mlinzi aliwaambia waende nyumbani. Baadhi yao walibaki wakifungua na kufungua tena, wakidhani ni mtandao uko chini. Tovuti ilirudi kesho yake mchana baada ya mwalimu mmoja wa kujitolea kutoa pesa alizokuwa ameweka kwa karo ya mtoto wake. Mwalimu huyo hadi leo anatudai, na kila Jumapili tunasalimiana naye mlangoni.

Maktaba hii ilizaliwa 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Walimu wachache wa ushirika walianza kupiga picha kurasa za maelezo yao na kuzituma kwa WhatsApp. Leo kuna maelezo ya masomo, maswali ya marudio waliyoyatunga wenyewe pamoja na majibu, na masomo ya kusikiliza. Shule za upili za juu zimeanza na Gredi ya 10, na watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 watafanya KCSE 2027, kwa hiyo kwa sasa tunabeba mitaala miwili kwa pamoja. Hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa shilingi. Tunajivunia hilo, na tunaomba msamaha wa mapema kwa mtakaoona tunajivuna.

Sasa, mzee mmoja wa kanisa alituuliza mkutanoni: kama vitu viko hewani, pesa zinakwenda wapi? Ni swali la haki.

Haviko hewani. Viko kwenye seva, yaani kompyuta mbili tunazokodi, moja Ulaya na nyingine hapa Nairobi, zinazowaka usiku na mchana. Tunalipia nguvu za kompyuta hizo, nafasi ya diski na data inayotoka kumfikia msomaji. Hiyo data ndiyo inayotumaliza. Somo la video la saa moja, lenye picha ya wastani tu, linaweza kufika megabaiti 400. Wanafunzi 1,000 wakilipakua, ni gigabaiti 400 zimetoka kwa somo moja. Ndiyo maana tunahimiza masomo ya sauti: kipindi cha dakika 40, kikibanwa hadi kilobiti 24 kwa sekunde, ni kama megabaiti 7. Mtoto mwenye bando dogo analimudu, na sisi pia tunalimudu.

Mbona tusiweke kila kitu YouTube, ambako ni bure? Video tumeziweka huko, na tunashukuru. Lakini maswali yanayosahihishwa papo hapo, alama za mwanafunzi na maelezo ya kuchapisha yanahitaji hifadhidata na mahali petu wenyewe. Na video hizo ni bure kwetu sisi tu. Mtoto wa Kayole anazilipia kwa bando.

Wengine wamependekeza tununue kompyuta moja kubwa, tuifungie kwenye chumba cha wazee, yaishe. Fundi wetu alicheka, kisha akatueleza kwa upole. Stima ikipotea, tovuti imepotea, kwa hiyo tununue betri na jenereta. Chumba kile kina joto, kwa hiyo tununue kipoza hewa na tulipe tokeni zake. Laini nyingi za intaneti za majumbani hazina anwani yao ya kudumu ya kupokea wageni kutoka nje, na mara nyingi kasi ya kutuma data ni ndogo kuliko ya kupokea. Halafu kufuli. Tunaijua Nairobi. Anayekodisha seva kwa kazi hii anaahidi kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, na hata hiyo bado inaruhusu karibu saa tisa za kuzimika kwa mwaka. Chumba cha wazee kingeshinda saa hizo msimu mmoja wa mvua.

Na kwa nini seva mbili? Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa ya kujikokota. Kilichohifadhiwa nchini kiliweza kufikika kwa urahisi zaidi, kwa sababu kampuni za intaneti hubadilishana data hapa hapa kupitia KIXP, kituo cha kubadilishana data nchini Kenya, bila kupita baharini. Seva ya Ulaya tumeipata kwa bei nafuu na ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Ya Nairobi iko karibu na watoto, na inashika hata bahari ikikorofika. Nakala za akiba tunaziweka mahali pa tatu, maana diski hufa, na haitoi taarifa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wenu hamtalipenda, kama sisi tusivyolipenda. Si kila anayefungua tovuti yetu ni mtoto. Siku hizi roboti za kampuni za akili mnemba hupita zikikomba kila ukurasa, hata ule ambao hakuna mwanafunzi aliyeufungua kwa miezi. Haliko kwetu tu. Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, lilieleza Aprili 2025 kwamba data inayotumika kupakua picha na video zake ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba angalau asilimia 65 ya trafiki inayowagharimu zaidi hutoka kwa roboti. Ikiwa wao wanalalamika, sisi wa Umoja tusemeje? Fundi amefunga milango anayoiweza, lakini data iliyokwisha kutoka italipiwa.

Palipo na bure, tunatumia bure. Cheti cha usalama ni cha Let's Encrypt, hatulipi kitu. Programu zote ni za chanzo huria. Jina letu la .or.ke ni ada ndogo ya mwaka. Fundi halipwi, na walimu hawalipwi.

Hesabu ni hii. Seva mbili ni dola 190 kwa mwezi, hifadhi ya nakala dola 40, jumla dola 230. Kwa shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 29,900 kwa mwezi, yaani 358,800 kwa mwaka. Ongeza VAT ya asilimia 16, shilingi 57,408. Deni la nyuma, pamoja na la mwalimu wetu, ni 118,000. Yote ni 534,208. Tunaomba laki sita. Kinachobaki ni cha kuongeza seva Oktoba na Novemba, na cha kujikinga na dola. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 dola ilipokaribia shilingi 160 na hata kuipita. Kwa bei hiyo, seva hizi hizi pamoja na hifadhi ya nakala zingekuwa 36,800 kwa mwezi kabla ya kodi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako waliokuwa wageni wa tovuti hii tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, wakaingia chuo, na sasa wana ofisi Westlands na Upper Hill. Hatutataja majina. Tunawaombea, na tunawaonyesha jembe lilipo. Aliye na shilingi hamsini asione aibu, sarafu mbili za mjane zilihesabiwa. Na anayefanya kazi penye seva zenye nafasi, hata asipotoa pesa, atupe nafasi.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, ukumbini. Kwa yaliyosemwa 2024 kuhusu wanasiasa na harambee za makanisa, wazee wameamua hatutakuwa na mgeni rasmi. Chai ipo. Aliye mbali atumie Paybill ile ile ya sadaka, na kwenye akaunti aandike MAKTABA. Usitume kwa simu ya mtu yeyote, hata akijiita mweka hazina. Hesabu zitasomwa ibadani na kubandikwa kwenye ubao, pamoja na risiti za seva. Michango ya wanafunzi wenyewe hatuombi. Na majina yao na alama zao hatumuuzii yeyote ili kuziba pengo. Mtu wa biashara alitushauri tuuze, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina jibu lake, nasi pia.

Kadi za mchango ziko kwa mama mweka hazina baada ya ibada zote mbili. Mlio na kadi za mwaka jana na hamjazirudisha, tafadhali zirudisheni, hata kama ni tupu.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya maktaba