Kihispania cha bure mjaribu kwanza ndo mkisifie

Mhariri,

Ile makala yenu ya tovuti za kujifunzia Kihispania bure nimeisoma mwanzo mwisho, nikairudia, sijaona sehemu mwandishi anasema kajaribu hata moja. Kaziorodhesha tu, hii bure, ile bure, basi imetoka hiyo. Sawa mfukoni hujatoa kitu, ila muda je? Wangu uliliwa karibu mwaka mzima na apu moja, jina naliacha, ina vikatuni, ina kengele, kila jioni inanikumbusha nisikatishe siku zangu mfululizo, nikafika siku mia tatu na ushee najiona bingwa kumbe nilichokua nafanya ni kugusa maneno ambayo tayari yameandikwa chini ya skrini na kuyapanga. Siku nimepata wa kuongea nae kwenye simu, mtu wa Kolombia, akaniuliza ¿de dónde eres?, yaani unatokea wapi, swali la wiki ya kwanza kabisa. Kimya. Ningewekewa vile viboksi ningejibu fasta!

Kwa hiyo mimi siku hizi kitu cha kwanza naangalia hiki, je nalitoa neno kichwani mwenyewe au nalitambua tu likiwa mbele yangu. Wengi wanafeli hapo. Language Transfer hajafeli, ile kozi ya mtandaoni yenye masomo 90 ya sauti, hamna matangazo, anaendeshwa kwa michango ya watu, mwalimu anamuuliza mwanafunzi aliye nae kwenye rekodi na wewe unatakiwa usimamishe ujibu kabla yake. Ukiacha iendelee tu kama redio umejidanganya. Msamiati anakupa kidogo ila namna ya kuunda sentensi utaipata. Kuna na kozi za kale za FSI, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, zile kavu kama nini na sauti inakwaruza, lakini zinakulazimisha ufungue mdomo.

Sasa jambo ambalo mwandishi wenu kalipita kabisa na kwetu ndo kubwa kuliko yote: karibu vyote hivi vinafundisha kwa kupitia Kiingereza, yaani vinamfikiria mtu mwenye shida za Mwingereza. Unafungua somo la matamshi unakuta hola imeandikwa OH-lah na gracias GRAH-see-ahs, ya nini yote hayo? Sisi tuna a, e, i, o, u na wao wana hizohizo tano, soma kama ilivyo, h usiitamke, ñ ni ny ya nyanya, mañana ni manyana, umemaliza. Afu somo zima la kueleza eti hablo inatosha bila yo mbele yake. Mswahili anasema "nasema" kila siku, huyo "mimi" anamweka akitaka kukazia, tunashangaa nini? Hata ile ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa" vinavyowatoa watu jasho, es médico ni daktari, está en casa yuko nyumbani, pale ambapo wewe ungeweka "ni" na pale ungeweka "yuko" unakua umeshapata nusu ya safari. Nusu tu lakini, maana está cansado kwetu ni "amechoka" na hapo ujanja unaishia. Na casa blanca, libro blanco, anayetoka kwenye nyumba nyeupe na kitabu cheupe hatishwi na jinsia mbili za maneno, ya kike na ya kiume, jamani! Ushauri wangu hizo kurasa ruka, nenda kwenye vitenzi, kwenye subjuntivo, ile namna ya kitenzi ya kutaka au kutilia shaka, ambako kila mtu anaumia.

Vipimo vingine ni vya dakika moja. Angalia alfabeti, ukurasa ukisema herufi ni 29 na bado ch na ll wamezihesabu, huo haujaguswa muda mrefu, Akademia ya Kihispania walimaliza hiyo habari 2010, ni 27. Tafuta neno coger. Hispania ni kuchukua, hata basi wanali-coger, ila Meksiko au Argentina ukilisema mezani watu watakuangalia vibaya sana kwa sababu ni tusi. Anayefundisha bila kukuonya huyo hajali utaongea na nani. Vosotros pia, yaani ninyi, wanakukaririsha wiki nzima bila kusema kwamba ukienda Amerika ya Kilatini hutaisikia mitaani, na vos ya Argentina, yaani wewe, hawaigusi.

Na hilo neno bure lenyewe mliangalie, Anki, ile apu ya kadi za kukariri maneno, mmeiweka kwenye orodha na ni kweli kwenye kompyuta na Android hulipi kitu, mwenye iPhone atalipia. Mstari mmoja tu wa kuongeza ungetosha.

Mimi bado naumwa na rr, nasema perro yaani mbwa, wenzangu wanasikia pero, "lakini". Hapo kilichonisaidia ni Forvo, tovuti ya matamshi, maana neno wamelirekodi wenye lugha wenyewe na unaona kila mmoja katoka nchi gani, nasikiliza wa Meksiko, nasikiliza wa Hispania, najirekodi, nafuta, najirekodi tena. Jana perro moja ilitoka vizuri. Ya pili ikagoma.

Msomaji wenu