Tusiseme maombi yetu yalikisukuma kimbunga Msumbiji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na Wakristo wenzangu wa Mtwara na Lindi juu ya jambo linalorudi kila mwaka kaskazi inapokaribia kuisha, nalo ni namna tunavyolitaja jina la Mungu pale upepo unapovuma kupita kiasi. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, makazi yangu ni Mikindani, na ninaamini kwa moyo wote kwamba nguvu za Mungu huonekana katika dhoruba. Kinachonisumbua ni yale tunayoyaongeza juu ya imani hiyo, hasa dhoruba ikishapita na sisi tukiwa bado tuna mapaa yetu.

Wasomaji wa huku wataikumbuka Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, siku nne baada ya Pasaka, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija upande wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa tahadhari, shule zilifungwa, na wakazi wa mabondeni na wa ufukweni waliambiwa wasogee mahali salama. Asubuhi ile nilishuka pwani kumsaidia jirani yangu mvuvi kuivuta ngalawa yake hadi chini ya minazi. Alikwisha kuteremsha foromali, ule mti unaobeba tanga, na kulikunja tanga lenyewe; tukaifunga ngalawa kwenye shina la mnazi, kamba ikazungushwa mara tatu, naye akalikaza fundo kwa meno. Kwa muda wa saa moja hivi hapakuwa na upepo kabisa. Makuti yalining'inia kama nguo iliyoanikwa, kunguru wetu wasiokosa kelele hawakuonekana, na maji ya ghuba yalikuwa mazito, yana rangi ya bati kuukuu. Jirani yangu ni Mwislamu, alikuwa akinong'ona dua huku akiivuta kamba, nami nikajikuta naisema moyoni Zaburi ya 29: "Sauti ya Bwana i juu ya maji, Mungu wa utukufu alipiga radi." Tulikuwa wazee wawili wenye hofu, na hofu ile, nikiitazama leo, ilikuwa ibada safi kuliko nyingi nilizowahi kuziongoza kanisani.

Jioni ya siku hiyo kimbunga kilitua katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira. Kisiwa cha Ibo na wilaya ya Macomia viliumizwa vibaya mno. Sisi tulilala.

Jumapili iliyofuata nilikuwa katika ibada ambamo mhubiri mgeni, ambaye sitamtaja wala sitalitaja kanisa, alitangaza kwamba maombi ya watakatifu wa Mtwara yamekigeuza kimbunga na kukipeleka kwingine. Watu walipiga makofi na vigelegele, na mimi nilipiga makofi pamoja nao, sina budi kulikiri hilo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mama mmoja wa Kimakonde aliyezaliwa Mueda, huko Cabo Delgado, mwenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma hadi leo, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani wale wa Macomia wao hawakuomba?" Sikuwa na la kumjibu. Kila mtu wa huku anajua kwamba Wamakonde wa Mueda na wa Newala ya kwetu ni ndugu, na kwamba wengi wa wale wa Mueda ni Wakristo ambao juma lile lile walikuwa wametoka kuimba Aleluya ya Pasaka kama sisi. Ikiwa Mungu aliyasikia maombi yetu kwa kuyapuuza ya kwao, basi tulichokisifu siku ile kwa vigelegele ni upendeleo, na Maandiko yanatuambia waziwazi kwamba Mungu hana upendeleo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma upya habari ya Yesu kuituliza dhoruba katika sura ya nne ya Marko. Kwa miaka mingi nilikuwa nawafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwamba Yesu alilala katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, na wanafunzi wakamwamsha. Watoto wa pwani huwa wanaipenda habari hiyo kwa sababu shetri wanaijua, wengine wao wameshalala humo na baba zao. Lakini kuna maneno machache katika mstari wa 36 ambayo nilikuwa nayapita tu, yanayosema kwamba palikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Waliokuwamo katika vyombo hivyo hawakumwona akisimama wala hawakumsikia akiukemea upepo, na huenda wengine hawakuwa hata wanamfahamu. Lakini upepo ulipokoma na bahari ikawa shwari kuu, ilikuwa shwari kwa wote. Yesu hakuiondoa dhoruba kwenye chombo cha akina Petro akaisukumia kwenye cha jirani. Tukitaka kuomba kwa mfano wake, basi ombi letu wakati wa tahadhari ni kwamba upepo ukome, na hilo ni ombi tofauti kabisa na kuomba upinde kushoto ukapige nyumba za watu wengine.

Lipo kosa la pili, nalo nimelisikia mara nyingi zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi wilayani Kilwa, mabasi yakakwama na huku kwetu bidhaa zikapanda bei. Mafuriko yalikuwa hayajakauka, na tayari kwenye vijiwe na hata katika vikundi vya sala watu walikuwa wanaorodhesha dhambi za watu wa Kilwa. Niliwahi kuwauliza wenzangu watuambie basi Yerusalemu kulikuwa na dhambi gani, maana mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuwaua watu 18, Bwana wetu alikataa kata kata kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa mji, akawageuzia swali walewale waliolileta. Na kitabu cha Ayubu, ambacho kina dhoruba nyingi kuliko kitabu chochote ninachokijua, kinaanza na upepo mkubwa unaoiangusha nyumba juu ya watoto wa mtu mwema. Rafiki zake wanakuja kumweleza sababu, kwa hotuba ndefu na zenye utaratibu mzuri, sura baada ya sura. Mwishowe Mungu anasema kutoka katika upepo wa kisulisuli, na hatoi sababu hata moja. Anamwuliza Ayubu kama mvua ina baba. Walioambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa ni wale walioeleza.

Kwa hiyo ninaposema naiona nguvu ya Mungu katika dhoruba, sina maana kwamba ninaweza kusoma ndani yake majina ya wenye hatia. Zaburi ile ya 29 inaitaja sauti ya Bwana mara saba; inaifuata radi kutoka juu ya maji mengi, ikipasua mierezi ya Lebanoni, hadi inalitetemesha jangwa la Kadeshi, lakini hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mwenye dhambi aliyekusudiwa. Inaishia kwa Mungu kuwapa watu wake nguvu na kuwabariki kwa amani.

Wapo pia wanaoona ishara katika tarehe. Ni kweli kwamba kimbunga kilichoipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, ambacho wazee wa Lindi wa rika la baba yangu walikuwa wakikisimulia, kilikuja siku mbili baada ya Pasaka, na Kenneth nacho kikaja katika juma la Pasaka. Lakini kimbunga kilichoiharibu mikarafuu ya Zanzibar mwaka 1872 kilipiga Aprili 15, Pasaka ikiwa imepita majuma mawili, na Hidaya kilikuja mwezi mzima na zaidi baada ya Pasaka. Ukweli ni kwamba Aprili ndio mwezi ambao kaskazi inamalizika na bahari yetu inakuwa na joto jingi, na kimbunga hulishwa na maji ya joto. Tunasalimika miaka mingi kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujipinda, na kwa sababu Madagaska imelala mbele yetu kama ukuta ikipokea mapigo. Sioni haya kuyasema haya kanisani. Aliyeweka bahari na mipaka yake ndiye aliyeweka na joto lake, na kuelewa njia anayopita mgeni hakumpunguzii heshima yake.

Niongeze neno juu ya radi, ingawa najua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Mvua za kwanza hutukuta tukiwa mashambani, korosho zikiwa bado zinaokotwa, na mtu akipigwa na radi chini ya mkorosho alikokimbilia kujikinga, mara nyingi matanga hayaishi kabla hajatafutwa bibi fulani anayedaiwa kuituma. Na wanaonong'ona hivyo hupokea Komunyo pamoja nasi. Kufunika kioo kwa kanga au kuvua nguo nyekundu wakati wa ngurumo ni mazoea tuliyorithi na sina haja ya kuyapigia kelele. Lakini mtu hawezi kuimba asubuhi kwamba ngurumo ni sauti ya Mungu wa utukufu, kisha jioni akaikabidhi kwa kikongwe asiyeweza hata kujitekea maji. Radi hupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake, ndiyo maana mti ni kimbilio baya. Hilo nalo lingefaa kusemwa mimbarini kila Novemba.

Nitaulizwa kama basi maombi hayana kazi. Niliomba mwaka 2019, niliomba Hidaya ilipokuja, na nitaomba tena. Eliya pale mlimani alipitiwa na upepo uliopasua miamba, na Bwana hakuwamo katika upepo huo, lakini Eliya hakuondoka pangoni mpaka alipoisikia sauti ndogo ya utulivu, na sauti hiyo ilimtuma kazi. Nadhani tunapenda sana kubaki kwenye upepo.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wachungaji, mapadri na makatekista wa mikoa yetu. La kwanza, kuanzia Machi hadi Mei taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe kila Jumapili pamoja na matangazo ya ndoa, tena isomwe kabla ya sadaka, watu wakiwa bado wamekaa. Wavuvi wetu wengi hutoka kwenda baharini Jumapili usiku, na mke aliyeisikia tahadhari kanisani anaweza kumzuia mumewe. La pili, siku kimbunga kikitangazwa, katika sala zetu zitajwe Palma, Mueda, Macomia na Ibo za Msumbiji kwa majina, kama tunavyozitaja Shangani na Msangamkuu za hapa kwetu, na kikishapita huko lipitishwe kapu la sadaka kwa ajili ya hao tuliowataja. Mama yule wa Mueda bado hukaa benchi la tatu upande wa dirisha, na ningependa awepo siku hiyo majina hayo yakisomwa.

Wako,
Mzee wa kanisa, Mikindani, Mtwara