Wanangu wachungaji, msikikimbie kikao cha washirika

Kwenu wachungaji vijana wa makanisa ya Kibaptisti, mliowekewa mikono miaka hii ya karibuni.

Bwana asifiwe, wanangu.

Nawaandikia kutoka Rungwe, nilikostaafu baada ya miaka 34 ya uchungaji. Magoti yamechoka, semina zenu siku hizi nazisikia kwa kusimuliwa tu. Lakini kuna neno limenikaa kifuani tangu Pasaka, mmoja wenu alipokuja kunisalimia na kunieleza, kwa furaha kabisa, kwamba kanisani kwake wamefuta kikao cha washirika, kile ambacho waumini wote waliobatizwa huketi na kuamua mambo ya kanisa kwa kura. "Kinaleta maneno mengi, Baba," aliniambia. "Sasa tunaamua mimi na mashemasi wawili, na kazi inakwenda." Nilimkaribisha chai, nikamsikiliza, sikumjibu. Jibu langu ni hili, na ninalitoa kwenu nyote kwa sababu nimesikia hayuko peke yake.

Sisi hatuna askofu. Jirani zangu hapa Wamoravian wanaye, Walutheri wanaye. Mchungaji akikorofishana na usharika, wakubwa wake wanaweza kumhamishia kwingine na maisha yakaendelea. Mchungaji wa Kibaptisti ameitwa na kanisa la mahali, na kanisa hilohilo linaweza kukaa likamwambia, asante mtumishi, hapa tumefika. Kwenye kikao, mama muuza ndizi aliyebatizwa mwezi uliopita ana kura moja, nawe mwenye cheti cha seminari una moja. Nilipokuwa kijana jambo hili lilinitesa sana. Leo naona ndilo lililonilinda.

Mwaka wangu wa tatu wa uchungaji nilitaka tununue kinanda na spika. Kanisa la mjini walikuwa navyo, vijana wetu walikuwa wanahamia huko, nami nilikwisha kuulizia bei. Nikaitisha kikao nikijua kimekwisha kabla hakijaanza. Akasimama mama mmoja mjane, akasema choo cha kanisa kimetitia tangu masika, na watoto wa Shule ya Jumapili wanakwenda kujisaidia kwenye migomba ya watu. Basi. Zikapigwa kura, mikono ikanyooka kwa ajili ya choo, na wa kinanda tukabaki watu sita, mmoja wao mke wangu, aliyenyoosha kwa kunihurumia.

Nilifanya nini? Jumapili iliyofuata nilihubiri habari za Kora na Dathani, walioinuka juu ya Musa hata ardhi ikawameza. Sikutaja jina la mtu, lakini hakuna aliyekosa kuelewa. Nilikuwa nimechukua Neno la Mungu nikalifanya fimbo ya kuwachapa watu waliokuwa wameomba choo cha watoto. Jumanne yake shemasi mzee alikuja nyumbani, akaketi, akauliza habari za mahindi, habari za watoto, ndipo akasema taratibu: "Mchungaji, Jumapili ulituchapa. Tumekosa nini?" Nilishindwa kumtazama. Jumapili iliyofuata niliomba radhi mbele ya ibada, na tangu siku hiyo, naamini, ndipo walianza kuniamini.

Sasa fikirini: kusingekuwa na kikao kile, ningenunua kinanda, na hakuna shemasi ambaye angekuja kwangu Jumanne. Ningekuwa mtu wa namna gani leo?

Uhuru huu wa washirika haukuokotwa njiani. Mwaka 1609, huko Amsterdam, kikundi kidogo cha Waingereza waliokimbia kwao kilibatizwa upya kikiongozwa na John Smyth na Thomas Helwys, kwa kuwa waliamini ubatizo ni wa mtu aliyeamini mwenyewe. Hao ndio chanzo chetu Wabaptisti. Helwys baadaye alirudi London akijua kinachomngoja. Aliandika kwamba mfalme ni mwanadamu, hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Akatiwa gereza la Newgate, na humo kifungoni akafa. Mtu alikufa ili mfalme asiikalie dhamiri ya mshirika, sasa wewe mchungaji ndiye uikalie? Hivi vyeo vya mtume na nabii mnavyobandikana kwenye mabango ya mikutano vinanihuzunisha kwa sababu hiyo. Anayeitwa nabii hapigiwi kura. Anayepingana naye amepingana na Mungu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana mnayajua. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu, wewe usiwemo. Taarifa ya mweka hazina isomwe mbele ya washirika wote. Kiwanja kiandikwe kwa jina la kanisa, kamwe kisiandikwe kwa jina lako wala la mkeo.

Wengine mnalalamika kwamba kanisa haliwezi kuwalipa, mnaona haya kulima au kufungua duka. Haya ya nini? Paulo alishona mahema Korintho. George Liele, aliyezaliwa utumwani Marekani akapata uhuru wake, alifika Jamaika mwaka 1783 akiwa na deni la kulitumikia. Alipolimaliza alilima na kusafirisha mizigo kwa gari la farasi, huku akiwahubiria watumwa na kuwabatiza. William Carey, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, kabla ya kwenda India mwaka 1793 alikuwa fundi viatu. Mimi nilifuga ng'ombe wawili wa maziwa, na mara nyingi mshirika alinieleza shida yake tukiwa tunakata majani, shida ambayo ofisini asingeitamka.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wachungaji hatuambiani. Kuna majira moyo utakuwa mweusi na kuomba kutakuwa kama kumeza mchanga. Msidhani mmelaaniwa. Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa Kibaptisti, alikuwa na miaka 22 tu, Oktoba 1856, alipokuwa akihubiri katika ukumbi wa Surrey Gardens, London, watu wakapiga kelele za uongo kwamba kuna moto, wakakanyagana, na saba wakafa. Huzuni ile haikumwacha maisha yake yote, naye akaendelea na uchungaji mpaka alipofariki mwaka 1892. Ikikufika, mwambie mkeo, mwambie mchungaji mwenzako, na ikizidi nenda hospitali. Mimi nilinyamaza karibu mwaka mzima, na mke wangu alidhani amenikosea.

Tembeleeni watu. Hili ningependa kuliandika mara mia. Mjane yule wa choo aliugua miaka mingi baadaye. Nilipata habari siku ya Jumatano, nikasema nitapita Jumamosi nikirudi semina. Alifariki Ijumaa. Nilimzika, nilihubiri vizuri, watu walilia, na nilipofika nyumbani sikuweza kula. Tangu hapo nilianza daftari: jina la kila mshirika, na tarehe ya mwisho nilipokanyaga mlango wake. Jina likikaa miezi mitatu bila tarehe mpya, siku hiyo naacha mengine yote. Daftari ninalo hadi leo, na majina mengi humo sasa ni ya marehemu.

Nawe uliyekunywa chai yangu Pasaka, rudi kwangu, mwanangu, sina kinyongo. Ila kabla ya kuja, tangaza kikao. Wape wiki mbili wajiandae, soma mapato na matumizi yote, kisha keti kwenye benchi miongoni mwao, umwache mwenyekiti aliyechaguliwa aongoze. Watasema mengi, maana wamenyamazishwa muda mrefu. Pengine mtatoka usiku. Wakimaliza, njoo na mkeo mkae hapa siku mbili, unisimulie walichokuambia.