Mwanangu, usiniapie kuhusu nyumba ya wazee

Lewiston, Maine
Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia simu, lori likiwa limeegeshwa, ulisema neno ambalo limenikaa moyoni wiki nzima: "Mama, sisi si Wazungu. Nyumba ya wazee hutaiona maadamu mimi niko hai." Tulipoagana nilitoa machozi, kwa sababu najua umelisema kwa mapenzi. Lakini nakuomba usiniapie. Mwaka wa saba huu naingia kwenye nyumba hizo saa 1 asubuhi na kutoka saa 9 alasiri. Nawaogesha wazazi wa watu, nawalisha, nawageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Wengi wao wana watoto walioapa kama ulivyoapa wewe. Siku mzazi anapoanguka usiku na kuvunjika nyonga, kiapo kinabaki kumtesa mtoto, na mzazi anapelekwa popote kitanda kinapopatikana kwa haraka, kwa kuwa hakuna aliyepanga kitu.

Nataka tupange. Nina miaka 61, nguvu ninazo, akili inafanya kazi. Ndio wakati wenyewe.

Kwanza pesa, maana najua unadhani Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, inalipa. Hailipi, si kwa namna unavyofikiri. Mtu akilazwa hospitali angalau siku 3, halafu akahitaji uuguzi na mazoezi ya kutembea, Medicare inaweza kulipia nyumba ya uuguzi hadi siku 100. Siku 20 za mwanzo hadaiwi kitu. Kuanzia ya 21, mwaka huu wa 2025 anachangia dola 209.50 kila siku. Ya 101 ni juu yake. Na siku zote hizo ni za mtu anayetibiwa, si za mzee ambaye haja yake ni kuvalishwa, kulishwa na kupelekwa chooni. Mzee wa namna hiyo Medicare haimlipii hata siku moja. Pale ninapofanya kazi, asiyelipiwa na serikali anatoa zaidi ya dola 400 kwa siku. Kwa nchi nzima, mwaka 2024 chumba cha watu wawili kilihesabiwa dola 111,325 kwa mwaka kwa wastani, na hapa Maine bei iko juu ya hapo. Zile nyumba nyepesi, ambako mzee ana chumba chake na anasaidiwa dawa na chakula tu, zilikuwa dola 70,800 kwa mwaka. Hata ukiendesha lori usiku na mchana huwezi, na sitaki ujaribu.

Utasema basi nikae nyumbani. Natamani hivyo, na MaineCare, bima ya jimbo kwa wasio na uwezo, ina mpango ambao hata mtoto anaweza kulipwa kwa kumhudumia mzazi wake. Lakini wewe uko barabarani wiki tatu kati ya nne, na mkeo ana watoto watatu na zamu ya usiku ghalani. Msaidizi wa kukodi mwaka jana alikuwa kama dola 34 kwa saa. Piga hesabu ya mchana na usiku: inapita dola 800 kwa siku, mara mbili ya nyumba yenyewe. Kwa hiyo nyumbani ndiyo, maadamu naweza kuinuka kitandani na kufika chooni mwenyewe. Kuna zile fleti za serikali za watu wa miaka 62 na kuendelea, kodi yake ni asilimia 30 ya kipato. Foleni ni ndefu. Nikifika umri huo mwakani naandikisha jina. Siku nitakapohitaji watu wawili na mashine ya kunyanyulia, usilazimishe. Nimewaona wana waliolazimisha, nikawaona wakija na mikanda ya mgongo kumtembelea mama.

Atakayelipa mwisho ni MaineCare, nayo ina masharti yake. Mtu asiye na mume au mke asizidi dola 10,000 za akiba. Halafu wanafungua vitabu vya benki vya miaka 5 nyuma, kila senti uliyompa mtu bure wanaiuliza. Hapo ndipo sisi tunapoumia, kwa kuwa maisha yetu ni kutuma. Ada za watoto wa shangazi yako, bati za nyumba ya Uvira kule Kongo, rambirambi. Kwao zote hizo ni zawadi, na zikiwa nyingi wanakuhesabia miezi ambayo hawatalipa. Sitaacha kutuma, lakini nitapunguza mapema, na risiti zote naziweka. Tena ile nyumba unayotaka kununua, usiandike jina langu. Mtu aliyelipiwa akiwa na miaka 55 na kuendelea, akifa, jimbo linaweza kudai gharama zake kwenye mali aliyoacha. Kabla hujatia sahihi popote, kuna wanasheria wanaoitwa Legal Services for Maine Elders, wanawasaidia bure wenye miaka 60 na kuendelea. Na SeniorsPlus, hapa hapa Lewiston, kazi yao ni kuwaelekeza wazee na watoto wao. Nimeshakwenda mara mbili.

Sasa unaelewa kwa nini niling'ang'ania ule mtihani wa uraia hata mkanihurumia. Mkimbizi aliyekuja mzee anapewa SSI, ile posho ya serikali kwa wazee wasio na kipato, kwa miaka 7 tu. Asipopata uraia, inakatwa. Mimi, Mungu akinijalia, nitakuwa nimetimiza miaka 10 ya kazi kabla sijafika 65, na Medicare ya hospitali sitailipia kila mwezi.

Lakini pesa siyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unamkumbuka yule mama tuliyepakana naye kambini Nyarugusu, aliyekuwa anakupa viazi vitamu ukitoka shule? Alivunjika nyonga Januari iliyopita, barafu ilimwangusha kwenye ngazi za kanisa. Hospitali wakamtibu, wakataka kitanda chao. Jimbo hili lina wazee wengi kuliko jimbo lolote ukilinganisha na watu wake, na zaidi ya nusu ya watu wanaishi vijijini, huku nyumba za uuguzi zikizidi kufungwa, hasa huko mbali, kwa sababu malipo ya serikali hayatoshi na wafanyakazi hawapatikani. Mwaka 2022 hata nyumba za maveterani za Machias na Caribou zilitangazwa kufungwa, mpaka bunge la jimbo likaingilia kati. Basi kwa mama yetu hapakupatikana nafasi Lewiston, wala Auburn, wala Portland. Akapelekwa kaskazini, mwendo wa saa nne barabara ikiwa kavu. Watoto wake wanafanya zamu. Kwa theluji ile walikuwa wanafika mara moja kwa mwezi.

Mimi na akina mama wawili tulikwenda Machi. Tukamkuta amekonda, midomo imepasuka. Muuguzi alikuwa mtu mwema, nakuhakikishia, alikuja na kiti akakaa nasi. Akatuuliza, "Margie ni binti yake? Anamwita usiku kucha." Tukatazamana. Hana binti wa jina hilo. Tukiwa bado tunashangaa, mama akafumbua macho, akasema taratibu, "Maji."

Mwanangu, alikuwa anaomba maji.

Nilimnywesha vikombe viwili kwa kijiko. Muuguzi alilia kuliko sisi. Kiingereza kidogo alichokuwa nacho kilikuwa kimeshaondoka na ule ugonjwa wa kusahau, na kwa simu ya mkalimani mtu aliyechanganyikiwa haongei. Alizikwa Mei.

Naijua njia ile, kwa sababu naiona kila siku kazini. Tuna bibi wa miaka 94, wazazi wake walitoka Quebec, yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya hapa mtoni. Miaka 70 aliongea Kiingereza. Sasa kimefutika chote, kimebaki Kifaransa cha utotoni. Wenzangu wazaliwa wa hapa walikuwa wanamwogopa, anapiga, anatema chakula. Siku ya kwanza niliyopangiwa chumba chake nilimsalimu, "Bonjour, maman," kama tulivyofundishwa shuleni Uvira. Akaushika mkono wangu, hakuuachia mpaka nikamaliza kumwogesha. Jioni tunasali Salamu Maria kwa Kifaransa, mimi mlokole, yeye Mkatoliki, haidhuru. Anakula.

Lugha ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, nimeliona hilo kwa macho yangu kwa wengi. Kiingereza changu nilikipata nikiwa na miaka 52. Kitaondoka mapema. Kitabaki Kiswahili, na baadaye pengine Kifuliru cha mama yangu peke yake, ambacho wewe mwenyewe husikii.

Kwa hiyo nisikilize. Ikifika siku hiyo, usinitafutie nyumba nzuri, yenye bustani na piano. Usinitafutie hata iliyo karibu na kwako, kama huko hakuna watu wetu. Nitafutie ambayo CNA wake, wale wasaidizi wa wauguzi, wanatoka Uvira, Bujumbura, Kigoma, popote, alimradi nikisema naumwa mtu ajue naumwa. Hapa Lewiston wako, Portland wako, nimewafundisha kazi baadhi yao. Hospitali wakikuharakisha waambie unahitaji siku mbili zaidi, upige simu. Uliza kila nyumba: zamu ya usiku yuko nani anayesema Kiswahili? Usiku ndio mzee anapoogopa. Na jina langu liandikwe kwenye foleni za nyumba tatu kabla sijaugua, orodha ninayo.

Mkeo mwambie sitamlaumu. Shangazi yako wa Kigoma atasema maneno, mwachie, hajawahi kumnyanyua mtu wa kilo 90 akiwa peke yake.

Njoo Novemba kabla theluji haijakaza, uje na kitambulisho chako. Kuna hati ya kukupa mamlaka ya kunisemea hospitalini nitakapokuwa siwezi. Iko kwenye droo chini ya Biblia, nimeshajaza sehemu yangu. Nyuma yake nimebana karatasi nyingine, hiyo utaibandika ukutani juu ya kitanda changu popote nitakapokuwa. Nimeandika kwa herufi kubwa, na pembeni namna Mmarekani anavyoweza kulitamka: choo. Baridi. Naumwa hapa. Mwite mwanangu. La kwanza kabisa, juu, nimeandika maji.

Mama yako anayekupenda