Anayeanza kujaza risasi asikimbilie mashine ya kasi

Mhariri, naomba kanafasi nimjibu yule msomaji aliyeuliza anunue mashine gani, maana anataka kuanza kujaza upya maganda ya risasi zake za kulengea shabaha. Kwanza kabisa aulize sheria ya kwao inasemaje, Marekani mtu anajaza zake mwenyewe bila leseni ya ziada lakini Ujerumani hugusi baruti mpaka upite kozi na upewe kibali chake peke yake, akishajua hilo ndo tuongee vifaa.

Mimi nilikosea pale pale wengi wanapokosea, niliangalia kasi. Nikanunua ile mashine ya kuzunguka, unavuta mkono mara moja tu, ganda moja linatolewa fataki ya zamani (kale kakofia ka kwenye kitako kanakowasha baruti), lingine linatiwa baruti, lingine linawekwa kichwa cha risasi, na risasi nzima inadondoka kwenye boksi. Raha tupu, mia kadhaa kwa saa. Sasa kwa mgeni wa kazi mambo manne yanafanyika kwa mpigo na wewe una macho mawili. Siku moja uwanjani napiga nasikia puf, mlio hakuna, kumbe ganda lilikosa baruti, fataki peke yake ikasukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Jamaa niliyekuwa naye akanidaka mkono kabla sijapiga ya pili, maana ya pili ndo inayopasua mtutu mbele ya uso wako.

Kwa hiyo ndugu yangu nunua presi ya hatua moja, yaani mashine ya kukandamiza kwa mkono inayobeba kalibu moja kwa wakati (kalibu ni kile kifaa cha chuma kinachofanya hatua moja ya kazi, kama kurudisha umbo la ganda au kukandamiza kichwa). Unapeleka maganda 50 yote hatua ya kwanza, unayapanga kwenye ubao wenye matundu, unabadilisha kalibu, unaanza tena. Inachosha sikatai, saa nzima unaweza kutoka na hizo 50 tu. Ila kabla ya kuweka vichwa unachukua tochi unamulika ubao mzima, ganda tupu unaliona, lenye baruti juu kuliko wenzake unaliona. Na hili la pili ndo baya zaidi, ganda la bastola mara nyingi baruti yake haifiki hata nusu, ukijisahau ukamimina mara mbili inaingia yote wala haimwagiki.

Usiogope kwamba vifaa hivi utavitupa ukizoea. Kalibu nyingi zina nyuzi za kipimo kimoja, upana inchi 7/8 na nyuzi 14 kwa inchi, so za kampuni hii zinaingia kwenye presi ya kampuni ile, hata ukihamia mashine kubwa baadaye unahama nazo. Kama ni bastola chukua kalibu za kabaidi (zenye pete ngumu sana ndani), zinakupunguzia kazi ya kupaka maganda mafuta, ila maganda ya bunduki yenye shingo lazima upake, usipopaka linakwama humo ndani na siku yako imeishia hapo (nimeshalia na hilo).

Hela iliyobaki weka kwenye mizani. Baruti inapimwa kwa greni, gramu moja ni kama greni 15.4, na wewe unahitaji mizani inayoona sehemu ya kumi ya greni, ya jikoni isahau. Za umeme ni nzuri lakini upepo wa feni tu unazisumbua, nunua na vijiwe vya uzito unaojulikana vya kuihakikisha mizani. Kalipa ya kupima urefu nayo usiache. Na kitabu cha vipimo, kipya, cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, anza na kipimo cha chini kilichoandikwa humo, sio kipimo ulichotumiwa na mshkaji kwenye simu kwa sababu bunduki yake sio yako.

Maganda nayo chungulia ndani kwa tochi, yenye tundu moja katikati unatumia, yenye matundu mawili madogo weka pembeni, yatakuvunjia sindano ya kutolea fataki.

Presi yenyewe hata mitumba haina neno, ni chuma tu, ukifuta kutu inafanya kazi. Ila baruti ambayo haimo kwenye kopo lake la kiwandani hata ukipewa bure usichukue.

Ni mimi msomaji wenu, mlenga shabaha.