Kikao cha Jumamosi: akili mnemba na taarifa zetu kwa umma

Habarini wanakikundi. Tunakutana Jumamosi saa 3 asubuhi, Raskazone, Tanga. Kila mmoja aje na taarifa aliyoiandaa kwa akili mnemba, pamoja na rasimu ya kwanza, tulinganishe majina, tarakimu na nukuu na vyanzo vyake. Nukuu ndizo za hatari: programu humlisha mkurugenzi maneno mazuri ambayo hakuyatamka. Kagueni na saa. "Saa 9 alasiri" huweza kutafsiriwa kwa Kiingereza kuwa "9 a.m.", yaani saa 3 asubuhi, watu wakafika mkutano haupo.

Majina na simu za wateja au wagonjwa yafuteni kabla ya kuingiza chochote kwenye programu hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu.

Wakuu wa vitengo, tafadhali sana: anayeidhinisha ndiye anayewajibika, asitupiwe lawama kijana aliyechapa. Thibitisheni kuja hapahapa kufikia Alhamisi jioni.